Punje Zilizogoma Juu ya Meza Yangu ya Kukatia

Tarehe kumi na tisa Januari mwaka huu tulimzika Nestori, na pamoja naye nilimpoteza mtu pekee aliyekuwa bado akiniita Kamanda. Ilikuwa mvua ya kunyesha na kupumzika. Wakati wa kusoma historia ya marehemu, kijana wake wa kwanza alisimama chini ya turubai akasoma vizuri kuliko nilivyotegemea: marehemu alizaliwa Burundi, alifika Karagwe akiwa mtoto, alibatizwa, alioa, alikuwa mkulima na mchongaji wa miiko na vinu, na alipata ulemavu wa mkono wa kushoto akiwa mdogo. Kisha akaingia kwenye ugonjwa wa figo na safari za hospitali. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wa jumuiya. Aliposoma habari ya mkono nilinyanyua uso, na upande wa wanaume nikamwona Gozbert naye amenyanyua wake. Tulitazamana. Mwaka mzima wa maisha yetu ulikuwa umefungwa ndani ya mkono ule, na historia iliuvuka kwa sentensi moja. Simlaumu kijana. Alikuwa hajazaliwa, na mambo yetu ya mwaka ule ukiyaeleza msibani watu watadhani huzuni imekupanda kichwani. Lakini niliporudi nyumbani nilijua kwamba nisipoyaandika mimi hakuna atakayeyaandika, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, cherehani moja ya miguu, na chumba nilichopanga kwa Mzee Laurian pale Ihanda, jirani na mahali ambapo vijana wa bodaboda walikuwa wakisubiri abiria. Chumba kilikuwa na dirisha moja na harufu ya mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Sehemu kubwa yake ilijazwa na meza yangu ya kukatia, ambayo ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala juu yake akanyoosha miguu. Siku moja aliingia bwana shamba wetu, Projest, mtu wa Muleba, mwembamba, akitaka nimpunguzie suruali kiunoni. Nilimpima na kumwambia bei. Alikuwa anaitazama meza.

"Dada Adventina, hii meza Jumapili inafanya kazi gani?"

"Inapumzika."

"Naomba isipumzike."

Alirudi Jumapili baada ya misa ya pili akiwa na kitabu cha karatasi zilizobanwa kwa pini, alichokitoa kwenye mtandao alipokuwa chuoni. Kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa majedwali. Alinieleza kwamba ni sheria za mchezo wa vita vya siku hizi unaochezwa mezani. Unakuwa na askari wadogo, magari na vifaru. Kila mmoja ana zamu yake. Umbali unapimwa kwa futi, na matokeo yanaamuliwa kwa dadu. Nilimuuliza kama ni kama bao. Akasema ni kama bao lenye milima, miti na hali ya hewa. Nilicheka, lakini alipoomba futi yangu ya kupimia nilimpa, na aliponiomba nishike upande wa pili niliushika. Sikuuachia tena mwaka ule wote.

Askari hatukuwa nao. Projest alianza na vifungo vya mashati. Ndipo nikamkumbuka Nestori, aliyekuwa akilima vibarua kwenye vibanja, yale mashamba ya migomba na kahawa ya watu, kule Ndama na kuchonga miiko kuuza gulioni. Nilimtuma mtu amwite. Alikuja na panga lake dogo na mfuko wa vipande vya mti wa mkahawa, ile miti migumu inayobaki watu wakipogoa, akakaa kwenye kizingiti, akasikiliza, akauliza kifaru kina magurudumu mangapi. Alikuwa anashikilia kazi kwa mkono wa kushoto uliobaki na kidole gumba na cha shahada tu. Sote tulidhani ni panga. Mtu mwenye mkono wa hivyo huku kwetu humuulizi, unadhani ni panga. Jumapili iliyofuata alileta vifaru viwili na gari la wazi lenye askari mgongoni, na Projest alivishika akawa anavizungusha tu. Wa nne alikuwa Gozbert, mfanyabiashara wa Songambele, kule ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa. Alikuwa na pikipiki na sauti ya mnadani. Alikuja kuchukua sare alizoagiza, akakuta vita, akaweka kofia yake ngumu chini na kuuliza, "Upande gani unashindwa? Nipeni huo."

Nataka kueleza furaha ile na sijui kama nitaiweza. Mpaka wakati ule watu wazima walikuwa hawajawahi kuniuliza kitu zaidi ya "itakuwa tayari lini?" Sasa watu watatu walikuwa wananitazama wakisubiri niseme kama kifaru kinaonekana au hakionekani nyuma ya mgomba, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na jicho la kunyoosha mstari. Tulikuwa tukila ndizi zilizopikwa na maharage kutoka sufuria moja huku tunabishana na midomo imejaa. Mabishano yetu makubwa yalikuwa kuhusu silaha za kazi maalumu, kwa sababu risasi ya kawaida ni rahisi, unatupa dadu na mtu anaanguka au haanguki. Shida ni zile nyingine. Kitabu kilikuwa na majedwali yake, lakini Projest alisema jedwali linakuambia namba tu, na sisi tunataka kuona kitu kikitokea mezani. Bomu la moshi, kwa mfano. Nilichomoa pamba kwenye mto wangu wa kulalia, tukaiweka mahali bomu lilipoangukia, na kila zamu tulitupa dadu kujua upepo unaisukuma wapi. Mara moja moshi wa Gozbert ulirudi ukawafunika askari wake mwenyewe, akasimama akaulaani upepo kwa Kinyambo mpaka mwanamke aliyekuwa akipita na kuni akachungulia dirishani kuona nani anapigwa.

Kisha kombora la kutoboa chuma. Gozbert alilipenda kwa sababu lilikuwa na namba kubwa kuliko zote, akalirusha kwenye kikundi cha askari wa Nestori waliokuwa wamelala shambani.

"Haliui watu hilo," Projest akasema. "Limetengenezwa kutoboa deraya. Ukilirusha hapo linatoboa mgomba mmoja na kuendelea na safari yake."

"Silaha ghali hivyo itoboe mgomba?"

"Ndiyo maana unatakiwa ufikirie kabla ya kurusha, kaka."

"Mimi nikifikiria nachelewa," Gozbert akajibu, na Nestori, ambaye hakuwa msemaji, akasema, "Mgomba wangu utaulipa," na tukacheka sana.

Na la waya lilikuwa langu. Kitabu kilisema kuna makombora yanayoongozwa kwa waya mwembamba unaofunguka nyuma yake, na mrushaji hawezi kuhama mpaka kombora lifike. Wao walikuwa wanahangaika wafanye alama gani. Mimi nilichukua uzi mwekundu kwenye kibao cha nyuzi, nikaufunga kwenye askari, nikaunyoosha mpaka nusu ya njia ya kifaru. "Zamu hii umefika hapa. Zamu ijayo unamfikia. Katikati hapo akikupiga wewe mrushaji, uzi unakatika." Projest aliutazama uzi, akanitazama mimi, akasema, "Kamanda." Alilisema siku ile tu. Nestori ndiye aliyelishika.

Sasa nafika kwenye bomu la mtawanyiko. Ni bomu kubwa linalofunguka juu na kumwaga vibomu vidogo vingi kwenye eneo pana. Tulitafuta kitu cha kumwaga. Nikaleta kahawa ya kutafuna, ile tunayochemsha na majani na kuianika, ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya wageni. Mrushaji, siku ile Gozbert, alichukua gao moja, akainua mkono juu ya meza, akafungua vidole. Sauti ya punje zile zikianguka juu ya mbao ilikuwa nzuri na ya kutisha. Kila punje ilitupiwa dadu, askari wa karibu wakaondolewa, kisha Projest akaanza kuzikusanya punje zote.

Nestori akaweka mkono wake mzima juu ya meza. "Zote zimelipuka?"

"Kitabu kinasema zimelipuka zote."

"Kitabu kimeongopa."

Projest hakukasirika. Alifunua karatasi, akasoma tena, akasema haya, tufanye kila punje iliyopata moja imegoma, inabaki mezani, na askari akiikanyaga inalipuka. Tulikubali. Ilikuwa sheria nzuri na mchezo ulichangamka. Lakini mwisho wa mchezo Gozbert alipoanza kuzifagia zilizogoma ili tupange upya, Nestori aliweka mkono tena.

"Ziache."

"Mchezo umekwisha, ndugu yangu."

"Kwako umekwisha. Hizo haziambiwi."

Gozbert alisema haiwezekani, kila mchezo lazima uanze meza ikiwa safi, vinginevyo ni uonevu, mtu analipa deni la mchezo wa wiki iliyopita ambao labda hakuwepo. Aliongea sana na aliongea vizuri. Alipomaliza, Nestori aliweka mkono wa kushoto juu ya meza, wenye vidole viwili. Akatuambia, kwa sauti ileile ya kuuliza kifaru kina magurudumu mangapi, kwamba kwao vita vilikuwa vimeshapita, watu wamerudi, wamepanda, maharage yamefika magotini. Alikuwa anapalilia na dada yake. Akaona kitu cha chuma kimetulia chini ya majani, kizuri, kidogo kama kopo. "Sikuwepo kwenye mchezo wao," akamwambia Gozbert. Dada yake hakumtaja tena na sisi hatukuuliza. Nje kuna mtu alikuwa anapiga teke pikipiki iliyokataa kuwaka. Nakumbuka nilitamani iwake.

"Sitaki kuwaletea msiba mezani," Nestori akasema. "Mchezo naupenda. Lakini kama mtaweka hiyo silaha halafu mnaifagia, mimi narudi kwenye miiko yangu."

Gozbert alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, wala leo si mtu mbaya. Alisema, "Basi tuipime. Jumapili ijayo tunacheza hapahapa, shamba hilihili, bila kugusa kitu. Mchezo ukiwa mbovu, sheria inatoka."

"Ikitoka, natoka nayo," Nestori akasema, na akavaa kofia yake.

Kwa hiyo punje zilizogoma zilibaki juu ya meza yangu wiki nzima, ndani ya kibanja chetu cha mezani cha vijiti na majani makavu, na mimi nikakata sare za shule sakafuni, magoti yakiniuma, wateja wakiniuliza kama nimeanza uganga. Ningeweza kuzisogeza na kuzirudisha. Sikufanya hivyo kwa sababu niliogopa. Niseme kweli, niliogopa Nestori asirudi. Watu wanadhani tulikuwa na jambo, na hatukuwa na jambo. Niliogopa tu chumba kurudi kuwa chumba cha suruali.

Katikati ya wiki akaja mwenye nyumba. Mzee Laurian alikuwa anatembelea wapangaji wake kwa fimbo, polepole, akisalimia hata milango. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamvutia kiti. Kiti pekee kilikuwa pembeni ya meza.

"Biashara inakwenda, mwanangu?"

"Inakwenda, mzee. Namshukuru Mungu."

Macho yake yakashuka mezani. Uso ukamng'aa. "Aa! Umeniwekea kahawa." Akanyoosha mkono kwenye kibanja chetu, akatoa punje ya kwanza chini ya jani, akaitia mdomoni. "Lakini mbona umeimwagamwaga hivi? Kama unalisha kuku."

Mtu asiyekulia huku ataniuliza kwa nini sikusema. Nitasema nini? Kahawa iliyo mbele ya mgeni ni ya mgeni. Huwezi kumwambia mzee aliyekukalisha kwenye nyumba yake arudishe kahawa iliyoko shavuni kwa sababu ni bomu. Nilisimama na mkasi mkononi nikimtazama akizitafuta kwa kidole kati ya vijiti, moja baada ya nyingine, akitafuna kwa raha, akinieleza habari za shangazi yake aliyekuwa anajua kuianika kahawa vizuri zaidi ya watu wote wa Ihanda. Alizimaliza. Aliondoka akisema nyumba yangu ina heshima.

Jumapili nilikuwa nimeshindwa kula. Walipofika wote niliwaambia kabla hawajakaa. "Mzee Laurian ametafuna zilizogoma."

"Zipi?" Projest akauliza.

"Zote."

Gozbert akapiga paja lake. "Mzee wa watu amekula mabomu! Na meno yale!" Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Projest naye akaanza. Mimi nilikuwa namtazama Nestori, na nilipoona mabega yake yanatikisika sikujua kama analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yakimtoka, na alipopata pumzi akasema, "Tungempata kule kwetu mzee kama huyo." Gozbert akasema basi, shamba ni safi, sheria imeliwa. Nestori akaacha kucheka. Aliniuliza zilikuwa wapi hasa. Nilijaribu kuonyesha, nikashindwa. Moja hapa, labda. Moja kule.

Projest ndiye aliyeliona. Alitembea kuizunguka meza yote akiwa na kitabu chake kwapani, akasimama. "Hakuna anayejua zilipo," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa iwe. Kosa letu lilikuwa kuziweka wazi. Ukiiona unaikwepa, mchezo gani huo?" Maneno yalikuwa yanamtoka haraka sasa, na sote tulikuwa tumemsogelea bila kujua tumemsogelea. Hatutaweka punje. Tutachora mpaka wa eneo lililomwagiwa. Anayeingia ndani, kila zamu anayokuwa humo, anatupa dadu, na ikitoka moja, amelipukiwa. Na mpaka haufutwi. "Nestori, ndivyo?" Nestori alifikiri, akasema ndivyo. Gozbert akasema, "Tucheze, tuone."

Tulicheza. Mvua ilianza kupiga bati na tulikuwa tunapiga kelele ili tusikilizane. Gozbert alitakiwa afikishe gari lake la askari kwenye chemchemi, ambayo ilikuwa bakuli langu la bluu, kabla ya zamu ya mwisho. Nestori alikuwa na kifaru kimoja barabarani, na kwa uzi wangu mwekundu Gozbert alikivunja, lakini kilikuwa kimeshamchelewesha. Nilipima kwa futi, mara mbili, kwa sababu walitaka mara mbili. Kwa barabara angefika amechelewa. Kwa kukata ndani ya kibanja angefika.

"Ni migomba tu," Gozbert akasema, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akaingia.

Zamu ya kwanza ndani ya mpaka ilitoka tano, akapiga ngumi hewani. Ya pili ilitoka mbili. Hakupiga ngumi. Ya tatu ndiyo ingemtoa nje na kumfikisha. Alitikisa dadu viganjani kwa muda mrefu, akairusha kwa nguvu, ikagonga bakuli, ikaruka, ikaanguka chini ya cherehani. Sheria yetu ilikuwa kwamba dadu iliyoanguka chini haihesabiwi, unatupa tena. Lakini sote wanne tulikwenda magotini kuitafuta, vichwa vikigongana, na tuliiona pamoja imekaa juu ya vumbi la chaki na vipande vya uzi. Ilikuwa moja.

"Haihesabiwi," Nestori akasema mwenyewe, akaiokota, akampa. "Tupa tena."

Gozbert alitupa tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nne. Gari lilifika kwenye bakuli. Alikuwa ameshinda. Projest alipiga makofi, mimi nikapiga kelele, kwa sababu ilikuwa vita nzuri kuliko zote tulizowahi kucheza, na ndipo nilipokumbuka kwamba mshindi ndiye aliyetaka sheria itoke, na ikitoka Nestori anatoka nayo. Nestori alikuwa anavikusanya vifaru vyake kimoja kimoja na kuvifuta kwa kitambaa.

Gozbert hakuwa amekaa. Alikuwa anamtazama yule askari mdogo wa mti wa mkahawa aliyekaa mbele kwenye gari.

"Projest, iandike hiyo sheria."

"Umeshinda wewe," Projest akasema. "Ulisema haifai."

"Nimeshinda, ndiyo. Lakini ile ya chini niliiona." Akamgeukia Nestori. "Na wiki ijayo bado zipo humo?"

"Zipo."

"Hata nikiwa mimi ndiye niliyezimwaga?"

"Wewe ndiye uliyezimwaga."

"Basi simpitishi mtu humo tena," Gozbert akasema, "labda atangulie Mzee Laurian." Tulicheka tena, na Nestori akaweka vifaru vyake mezani badala ya kuvitia mfukoni. Projest aliandika nyuma ya ukurasa wa mwisho wa kitabu chake, akatusomea, tukasema sawa. Gozbert aliniomba chaki, akainama, na akachora mpaka wa kibanja upya, akipita juu ya mstari mara nyingi mpaka ukawa mnene. Kisha tukala, mvua ikapungua, wakaenda zao. Jumatatu asubuhi niliondoa vijiti na majani nikaviweka pembeni ili nianze sare. Nilitandaza kitambaa nje ya mstari wa chaki, upande ulio mbali na dirisha ambako mwanga ni hafifu kipindi cha asubuhi, nikakata.